Lenzi Inayofaa Kamera Yako: Mdomo, Mota, Milimita na Mwanga

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Nachingwea na Ruangwa

Mwalimu, kama redio iko pembeni, tafadhali isogeze katikati ili na wale wa nyuma wasikie. Daftari na kalamu ziwe tayari, maana leo tutaandika herufi na tarakimu.

Somo letu la leo ni juu ya kuchagua lenzi ya kamera. Katika madarasa haya wamo watu wapatao riziki kwa kupiga picha: picha za harusi, za mahafali, za mpira, za vitambulisho. Wengine mna vijana nyumbani waliokwisha kusema, "Baba, korosho zikiuzwa mwaka huu, ninunulie kamera." Na asiye mpiga picha asiondoke. Somo hili ni juu ya kusoma maandishi madogo kabla ya kutoa fedha, na jambo hilo latufaa sote.

Kwanza nitawasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mpiga picha hapo Nachingwea. Nilikuwa na kamera nzuri ya siku hizi, ya aina isiyo na kioo ndani. Nilipouza korosho zangu nilipanda basi mpaka Dar es Salaam kutafuta lenzi ya pili. Katika duka moja nikaonyeshwa lenzi ya zamani, kubwa, nzito, yenye kung'aa. Bei yake ilikuwa ndogo. Haikutengenezwa kwa kamera yangu, lakini muuzaji alikuwa na pete ya kuiunganisha. Akaifunga, akasema, "Unaona? Imeingia." Ni kweli, iliingia. Nikalipa, nikarudi nyumbani kwa furaha. Sikujua bado kwamba kuingia ni jambo moja, na kufanya kazi ni jambo lingine.

Baada ya majuma mawili niliitwa Ruangwa kupiga picha siku ya kumtoa mwali. Bibi yake mwali, mzee sana, alikuwa ameketi mkekani. Ngoma ilipokolea, yule bibi akainuka, akaingia uwanjani kucheza na mjukuu wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikaanza kuzungusha lenzi kwa mkono ili uso wake uonekane wazi. Nikizungusha, yeye amekwisha kusogea. Nikizungusha tena, amekwisha kuinama. Nilipiga picha nyingi sana. Kisha bibi akachoka, akaketi, wala hakuinuka tena siku ile.

Mwaka uliofuata mwanawe alikuja kwangu. Mama alikuwa amefariki. Familia ilitaka picha moja kubwa ya kutundika ukutani, na picha za mama yao akiwa na furaha hazikuwepo ila zile nilizopiga mimi. Nikazitafuta zote. Katika ile iliyokuwa bora kuliko zote, maandishi ya kanga yake yanasomeka herufi kwa herufi, lakini uso wake una ukungu. Yule bwana aliitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Haidhuru, ndugu yangu. Nipe hiyo hiyo." Nilikataa fedha yake, naye akakataa kuondoka bila kulipa.

Ndugu zangu, lenzi isiyofaa haimpi hasara mpiga picha peke yake. Humpa hasara na yule aliyemwamini. Harusi hairudiwi kwa sababu picha zimeharibika, na mzee akiondoka hatumwiti tena asimame mbele ya kamera. Kwa sababu hiyo nataka tujifunze maneno manne. Yote yanaanza kwa herufi M. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni:

MDOMO
MOTA
MILIMITA
MWANGA

Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Vizuri. Sasa tuyachukue moja moja.

MDOMO

Mdomo ni lile tundu la mviringo mbele ya kamera, mahali lenzi inapofungwa. Kampuni nyingi zina midomo yao wenyewe. Lenzi iliyotengenezwa kwa mdomo wa kamera yako tunaiita lenzi ya asili ya kamera hiyo. Inafungwa moja kwa moja, bila pete ya kuunganisha katikati. Ukitazama nyuma yake utaona vipande vidogo vya madini, vimepangwa kwa mstari. Kwa njia ya vipande hivyo kamera na lenzi huzungumza: kamera husema, "Sogea kidogo mbele," na lenzi hutii.

Kwa nini midomo ya kamera za siku hizi ni tofauti na ya zamani? Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani, nyuma ya lenzi. Kioo kile kiliupeleka mwanga juu, kwenye jicho la mpiga picha. Kilihitaji nafasi. Kwa hiyo katika kamera za Nikon za aina ile, kutoka mdomoni mpaka mahali picha inapofanyika palikuwa na milimita 46.5. Siku hizi kioo kimeondolewa. Katika kamera za Nikon za mdomo Z nafasi hiyo ni milimita 16 tu. Ndiyo maana lenzi ya zamani haikai penyewe mpaka iwekewe pete ya kujaza nafasi iliyobaki.

Kamera ya kwanza ya aina hii mpya, isiyo na kioo na yenye kubadilishwa lenzi, ilitolewa na Panasonic mwaka 2008. Sony walileta mdomo wao uitwao E mwaka 2010. Fujifilm walileta mdomo X mwaka 2012. Nikon walileta mdomo Z, na Canon mdomo RF, mwaka 2018.

Sasa andikeni herufi hizi katika daftari, mstari mmoja mmoja:

Sony: E au FE
Nikon: Z
Fujifilm: XF au XC
Canon: RF au RF-S

Hapa pana mtego, nanyi mnaojifunza kusoma mtauona upesi kuliko wengine. Andikeni neno LIMA. Chini yake andikeni neno MALI. Silabi ni zile zile mbili, lakini maana si moja. Na lenzi ni vivyo hivyo. FE ni lenzi ya Sony ya siku hizi. EF ni lenzi ya Canon ya kamera za zamani zenye kioo. Herufi zile zile mbili zimegeuzwa tu, na mtu akisoma kwa haraka amepoteza fedha za msimu mzima. Tena iko EF-M, ya kamera za Canon zisizo na kioo za mwaka 2012 na baada yake. Zote ni za Canon, lakini lenzi ya EF-M haifungiki kwenye mdomo wa RF, na ya RF haifungiki kwenye mdomo wa EF-M. Kwa hiyo jina la kampuni halitoshi. Soma herufi zote, kwa mpangilio wake.

Je, lenzi ya asili lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza kamera? La. Sigma, Tamron na Viltrox hutengeneza lenzi kwa ajili ya kamera za kampuni nyingine, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Lakini lenzi ile ile huweza kutolewa kwa midomo mbalimbali. Mmoja ananunua ya mdomo E, mwingine ya mdomo Z, na kwa mbele zinafanana kama mapacha. Soma boksi, kisha soma lenzi yenyewe.

MOTA

Neno la pili ni mota. Kufanya picha ionekane wazi, bila ukungu, wapiga picha wanaita kufokasi. Kamera inapofanya kazi hiyo yenyewe tunasema ina otofokasi. Kazi hiyo ilianza kuenea katika kamera kubwa mwaka 1985, kampuni ya Minolta ilipotoa kamera yake iitwayo 7000. Kamera nyingi za siku hizi zinaweza hata kulitambua jicho la mtu na kulifuata anapotembea. Lakini kamera ni kama nahodha. Yeye huona njia, na lenzi ndiyo yenye mashine. Kama lenzi haina mota ndani, amri ya kamera haina wa kuitii.

Angalieni sana jambo hili. Kuna lenzi mpya kabisa, za mdomo ule ule wa kamera yako, zinazouzwa kwa bei ndogo, na hazina mota. Zinafungika vizuri, kioo chake ni kizuri, lakini kufokasi ni kwa mkono. Kwa kupiga picha ya nyumba au ya mti wa mkorosho zinafaa sana, maana mkorosho haukimbii. Kwa mtoto anayecheza ngoma hazifai, ila kwa fundi aliyezoea miaka mingi.

Na zile pete za kuunganisha, je, ni mbaya zote? Hapana, tuseme haki. Mwenye kamera ya Canon ya mdomo RF akitumia pete ya Canon yenyewe, lenzi zake za zamani za EF zinafokasi vizuri. Kama tayari unazo, zitumie, usizitupe. Lakini mwenye kamera ya Nikon ya mdomo Z ajue kwamba kwa pete ya Nikon, lenzi za zamani zilizoandikwa AF-S zinafokasi, kwa sababu zina mota ndani. Zile za zamani zaidi, zilizoandikwa AF peke yake, zilizungushwa na mota iliyokuwa katika kamera. Kamera mpya haina mota ile, na pete haina. Hapo ni mkono tu. Tazameni basi: AF ni kitu kimoja, na AF-S ni kingine. Herufi moja ndiyo tofauti.

Pete za kampuni nyingine ziko za namna nyingi. Nyingine hufokasi polepole, hutafuta huku na huku, na wakati huo bibi harusi amekwisha kupita. Pete isiyo na vile vipande vya madini haipitishi amri yoyote. Ile yangu ilikuwa hivyo.

MILIMITA

Neno la tatu ni milimita. Kwenye lenzi utaona namba kama 35, 50, au 18-55, au 55-200. Namba ndogo huona eneo pana. Namba kubwa huvuta kitu cha mbali kikaja karibu. Ukiona namba mbili zenye kistari katikati, lenzi hiyo huweza kutoka ya kwanza mpaka ya pili. Ukiona namba moja, haivuti. Wewe ndiye utakayesogea kwa miguu.

Chagua namba kwa kazi unayoifanya, si kwa kazi unayoiota. Mwenye kupiga picha za vitambulisho na za mtu mmoja mmoja, 50 yamfaa. Mwenye kupiga harusi ndani ya ukumbi na familia nyumbani, 35 yamfaa katika kamera nyingi za bei ya kati, maana huona karibu kama jicho la mtu linavyoona. Anayekwenda Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa kupiga picha za Namungo yataka awe na lenzi inayofika 200 au zaidi, tena yenye mota ya haraka, kwa sababu mchezaji hamsubiri mtu. Lakini lenzi hiyo ndefu ukiipeleka katika chumba cha bibi harusi, utaona pua yake tu.

Wazee wa Nachingwea wanaijua habari ya mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga kwa mashine katika nchi ya Tanganyika, kule Kongwa na Urambo, na hapa Nachingwea. Fedha nyingi zilitumika. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea ili ibebe karanga, na karanga za kuijaza hazikupatikana. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Mashine zile zilikuwa na nguvu, lakini hazikuchaguliwa kwa udongo uliokuwapo. Basi, mtu asinunue lenzi kama ulivyonunuliwa ule mpango.

MWANGA

Neno la nne ni mwanga. Karibu na namba ya milimita utaona namba nyingine iliyoandikwa 1:1.8, au f/1.8, au 1:3.5-5.6. Namba hii huonyesha ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Hapa hesabu inakwenda kinyume, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo na mwanga ni kidogo. Lenzi ya 1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya 5.6. Usiku, kwenye harusi yenye taa mbili tatu, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Lakini tundu kubwa lina kodi yake. Chukua kamera ya bei ya kati yenye lenzi ya 50, ukiwa umefungua 1.8, na mtu amesimama mita 2 mbele yako. Sehemu itakayoonekana wazi kabisa, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kama sentimita kumi na kidogo. Pimeni kwa rula. Ni upana wa kiganja na kidole gumba. Mtu akiinama kidogo tu, nguo iko wazi na uso umekwisha kupotea. Sasa mmefahamu kwa nini kanga ya yule bibi inasomeka na uso wake hauonekani. Ndiyo sababu neno la nne halitengani na neno la pili: lenzi ya mwanga mwingi ndiyo inayohitaji zaidi mota iliyo nzuri.

SIKU YA KUNUNUA

Wakulima wa korosho, mnajua stakabadhi ghalani. Hakuna mwenye akili anayepokea karatasi ile bila kutazama kilo na daraja. Fanyeni vivyo hivyo dukani.

Kwanza, nenda na kamera yako, betri ikiwa imejaa. Usinunue lenzi kwa kukisia.

Pili, soma mwenyewe herufi na namba zilizo kwenye lenzi, ulinganishe na zile ulizoandika katika daftari. Muuzaji akisema, "Ni ile ile tu," mwambie, "Nisomee, nami nitasoma." Husomi kwa kumtukana, unasoma kwa sababu fedha ni zako.

Tatu, ifunge bila pete. Kama lenzi ina swichi yenye AF na MF, iweke kwenye AF. MF ni ya mkono.

Nne, bonyeza kitufe nusu, ukilenga kalenda iliyo ukutani, kisha ulenge pikipiki iliyo barabarani. Itazame kama inakwenda na kurudi upesi. Halafu mwombe muuzaji atembee kuja kwako, upige picha kadhaa, uzikuze uone macho yake. Macho yakiwa wazi katika picha nyingi, lenzi hiyo inafanya kazi.

Tano, kama lenzi imetumika, imulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu iliyoletwa na unyevu. Iache.

Sita, dai stakabadhi, na herufi zote za lenzi ziandikwe humo. Ukiambiwa, "Irudishe ikikushinda," hilo nalo liandikwe. Safari ya Dar es Salaam ni ya siku nzima, na neno la mdomo halina nauli ya kurudi.

Ukiisha kuipata, itunze. Unapobadilisha lenzi, zima kamera na uinamishe mdomo wake chini, maana kamera hizi hazina kioo cha kuzuia vumbi mbele, na vumbi la barabara zetu mnalijua.

Na kama fedha haijatosha, usione haya. Tumia lenzi iliyokuja na kamera. Kwa kawaida ni ya asili na ina otofokasi. Lenzi ndogo inayotii ni bora kuliko kubwa inayokuacha ukihangaika wakati watu wanapiga vigelegele.

MASWALI YA DARASANI

1. Taja maneno manne yanayoanza kwa M, na ueleze kila moja kwa maneno yako.
2. FE na EF zina tofauti gani? Ziandike tena.
3. Ipi huingiza mwanga zaidi, 1.8 au 5.6?
4. Mtu wa Nachingwea anapiga picha za harusi usiku. Anayo fedha ya lenzi moja tu. Mshaurini, na mtoe sababu.
5. Kwa nini kuingia si sawasawa na kufanya kazi?

Kabla hamjaondoka, mwenye kamera hapo darasani ailete mezani. Kila mmoja asome herufi zilizo kwenye lenzi yake kwa sauti. Kisha mtafuteni mzee mmoja wa mtaani, mpigeni picha leo leo, wakati angali anacheka. Mwangalie macho yake kama yako wazi. Kama hayako wazi, mpige tena. Yeye bado yupo.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.